Vipatanishi vya Wanga na Poliesta Zinazooza: Kipi Kinafika Mpakani, Kipi Kinaliwa Njiani

Gunia la kipatanishi, kile kiungo cha kushikanisha wanga na poliesta, halikosi karatasi ya maelezo, na karatasi haikosi ahadi: tia asilimia mbili hadi tano, wanga na poliesta vitashikana, filamu itavutika. Ahadi hiyo si uongo. Isipokuwa karatasi hainyoshi kidole kwa walaji wawili waliomo ndani ya mashine, wanaokidaka kipatanishi kabla wanga haujakiona. Nao ni maji na gliserini, kile kimiminika kinachotiwa kulainisha wanga. Hapa tunapima makundi manne ya vipatanishi yanayotumika kwa mchanganyiko wa wanga na PLA au PBAT, poliesta mbili zinazooza, na kila kundi linaulizwa swali hilo hilo: kati ya kilichotiwa kwenye hopa, ni kiasi gani kinafika pale wanga unapogusana na poliesta?

Kwanza ugomvi wenyewe. Kila kipande cha glukosi kwenye mnyororo wa wanga kina vikundi vitatu vya hidroksili (OH), na vyote vinapenda maji. Poliesta inayakataa maji. Ukivisaga pamoja kwa joto unapata matone ya wanga yaliyozingirwa na poliesta, bila chochote cha kuyashika. Ivute filamu hiyo uone mstari mweupe ukijitokeza: matone yamebanduka, pameingia nafasi tupu, na ufa umepata njia. PBAT peke yake huvutika zaidi ya mara tano ya urefu wake, lakini wanga usiopatanishwa ukivuka asilimia 30 hivi, sifa hiyo huporomoka. Chembe zenyewe nazo zina neno. Za mahindi zina mikroni 5 hadi 25, za viazi mviringo hufika 100. Chembe ya mikroni 100 ndani ya filamu ya mikroni 30 haina kipatanishi cha kuisaidia, kwa hiyo wanga wa filamu lazima uvunjwe na ulainishwe kwanza.

Sasa hesabu ambayo kila mnunuzi aifanye kabla ya kuagiza. Chukua kilo 100 za mchanganyiko: kilo 70 za PBAT na kilo 30 za wanga uliolainishwa, ambao asilimia 30 yake ni gliserini. Gliserini ni kilo 9, yaani moli 98 hivi, na kwa kuwa kila molekuli ina hidroksili tatu, unapata moli 293 za hidroksili zinazozunguka huku na huko, tayari kukidaka kipatanishi. Kilo 0.5 ya MDI, mojawapo ya vipatanishi hivyo, ina moli 4 tu za isosianeti, vikundi vyake vinavyoshika hidroksili. Kilo 0.5 ya kipatanishi cha epoksi chenye uzito wa gramu 285 kwa kila kikundi ina moli 1.75. Kilo 5 za poliesta iliyopandikizwa anhidridi (asidi iliyotolewa maji) kwa asilimia 0.5 zina gramu 25 za anhidridi, robo ya moli. Maji nayo hayajahesabiwa: kilo 30 za wanga uliolainishwa zenye unyevu wa asilimia 2 zimebeba gramu 600, ambazo ni moli 33.

Wapo wanaodhani kubadili gliserini kwa sorbitoli kutapunguza ushindani huo. Hakupunguzi. Sorbitoli ina hidroksili sita kwa gramu 182, gliserini ina tatu kwa gramu 92, na ukigawanya unapata karibu gramu 30 kwa kila hidroksili kote kuwili. Faida ya sorbitoli ni nyingine: haihami upesi kuja juu ya filamu.

Poliesta iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki

Kwa kazi nyingi hiki ndicho cha kuanza nacho. Hutengenezwa kwa kupitisha poliesta, anhidridi ya maleiki asilimia 1 hadi 3, na peroksidi asilimia 0.1 hadi 0.5 kwenye ekstruda, mashine ya skrubu inayoyeyusha na kusukuma, yenye joto la karibu 180 hadi 200 °C. Peroksidi hung'oa hidrojeni kwenye mnyororo, na anhidridi inajishika pale palipoachwa wazi. Kinachoshika ni kidogo. Katika kazi ya kupandikiza PLA iliyochapishwa mwaka 1999, anhidridi ilitiwa asilimia 2, na iliyopandikizwa ikawa kati ya asilimia 0.066 na 0.672 kufuatana na peroksidi na joto. Kwa hiyo mwuzaji anayetaja asilimia 2 au 3 bila maelezo, yaelekea anataja alichotia, si kilichoshika.

Kwa nini basi robo ya moli inafanya kazi mbele ya moli mamia za hidroksili? Kwa sababu anhidridi hii imefungwa kwenye mnyororo wa poliesta. Haiwezi kuzama ndani ya tone la wanga ikapotea humo. Inapokutana na wanga inakutana nao mpakani, na ikifunga esta hapo, upande wa pili wa kifungo tayari umezama katika poliesta. Hata ile iliyoguswa na maji haijaharibika yote: inageuka asidi yenye vikundi viwili, ambayo bado inaushika wanga kwa mshiko wa hidrojeni, ingawa mshiko huo ni dhaifu kuliko esta. Ikiunga na gliserini ndiyo imekwisha, kazi ya mpakani haiwezi tena.

Kasoro yake kubwa ni anhidridi huru, ile isiyoshika na isiyovutwa nje. Fungua gunia unuse. Harufu kali inayochoma pua inakwambia kwamba pampu ya kuvuta hewa ya kiwandani haikufanya kazi yake. Anhidridi huru ikipata unyevu inakuwa asidi ya maleiki, na asidi hiyo inakata minyororo ya wanga na ya poliesta pia. Dalili zake ni mbili: punje zinageuka njano, na kipimo cha mtiririko kinapanda kila gunia linapokaa. Mwulize mwuzaji namba mbili zilizotenganishwa, iliyopandikizwa na iliyo huru. Akikupa moja, pima mwenyewe. Yeyusha gramu moja au mbili katika kloroformu, mimina taratibu katika methanoli baridi ili poliesta idondoke na anhidridi huru ibaki kwenye kimiminika, chuja, kausha, yeyusha tena, kisha fanya titresheni, yaani pima asidi kwa kuidondoshea alkali ya KOH iliyo katika methanoli, ukitumia fenolfthalini kama kionyeshi cha rangi. Pima pia poliesta ile ile isiyopandikizwa na utoe namba yake, maana miisho ya minyororo ya poliesta nayo ni asidi. Usichemshe wakati wa titresheni. Alkali ya moto inakata PLA, kila mkato unaleta asidi mpya, na jibu linavimba.

Poliesta ya msingi lazima ifanane na yako. PLA iliyopandikizwa ni ya PLA, PBAT ni ya PBAT. Polithini iliyopandikizwa anhidridi, inayosifiwa sana katika mchanganyiko wa wanga na polithini, hapa haifai kwa sababu mbili: haichanganyiki na poliesta, na haiozi. Utaiona imeorodheshwa chini ya jina moja na hizi nyingine, kwa hiyo soma mstari wa pili wa karatasi pia.

Dozi ni asilimia 2 hadi 5 ya mchanganyiko wote. Zaidi ya hapo nguvu inaanza kurudi nyuma, kwa sababu peroksidi imekwisha kuifupisha minyororo ya PLA iliyopandikizwa, nawe unamwaga minyororo mifupi ndani ya mirefu. PBAT ina tabia tofauti: peroksidi ikizidi, minyororo inafungana yenyewe kwa yenyewe na kuleta vinundu vinavyotoboa filamu. Puliza filamu nyembamba ya kipatanishi peke yake kabla ya kukichanganya na kitu, uitazame kwenye taa. Vinundu vikionekana hapo, havitatoweka mbele ya safari.

Kitie pamoja na poliesta, kamwe si pamoja na unga wa wanga na gliserini. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, kwa kuwa ni rahisi kutupia kila kitu kwenye hopa moja. Ukifanya hivyo, kipatanishi kinaoga gliserini kabla hakijayeyuka.

Kabla ya kukilaumu kipatanishi, tazama njia ya mashine

Malalamiko mengi kwamba bidhaa fulani "haifanyi kazi" huishia hapa. Njia ya hatua mbili ndiyo salama. Changanya wanga na gliserini kwa uwiano wa 70 kwa 30, uache ukae usiku kucha ili gliserini iingie ndani ya chembe. Wanga wa kawaida una unyevu wa asilimia 10 hadi 13, na unyevu huo unasaidia kuvunja chembe, kwa hiyo usiukaushe hatua hii. Pitisha kwenye ekstruda ya skrubu mbili, joto likipanda kutoka 90 hadi 140 °C, na toa mvuke kwenye tundu lenye pampu ya kuvuta hewa. Kinachotoka kiwe kiangavu. Kikiwa na weupe wa unga ndani, chembe hazijavunjika. Ongeza mkandamizo wa skrubu kabla ya kuongeza joto.

Hatua ya pili inataka ukavu. PLA iliyokwisha kuganda kifuwele ikaushwe kwa 80 °C saa nne hadi sita, ishuke chini ya sehemu 250 za maji kwa milioni. PBAT inatosheka na 60 hadi 70 °C. Wanga uliolainishwa haufiki huko na usijaribu kuulazimisha, kwa sababu punje zake zinagandana na kuwa bonge. Lenga unyevu chini ya asilimia 1, na tundu la kuvuta hewa liwe wazi hatua hii pia. Endesha PBAT kwa 140 hadi 160 °C, PLA kwa 160 hadi 180 °C. Moshi mweupe mdomoni mwa mashine ni gliserini inayoondoka, na rangi ya kahawia ni wanga unaoungua au protini iliyobaki ndani yake.

Jambo moja husahaulika: mnato. Tone haligawanyiki kirahisi katika mkwaruzo wa kawaida likiwa na mnato unaozidi mara nne hivi wa kile kinacholizunguka. Wanga mzito ndani ya poliesta nyepesi unabaki matone makubwa, eneo la mpaka linakuwa dogo, na kipatanishi hakina pa kukaa. Ongeza gliserini kidogo, au tumia asidi ya sitriki tutakayoifikia, kabla ya kuongeza kipatanishi.

MDI na isosianeti nyingine

Kwa nguvu tupu hakuna kinachoishinda. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 la PLA yenye wanga wa ngano asilimia 45 na MDI asilimia 0.5 tu lilipata nguvu ya kuvutwa ya karibu MPa 68, namba ya kushangaza kwa kitu ambacho karibu nusu yake ni wanga. Lakini itazame vizuri. Mvutiko ulikuwa asilimia 5 hivi, na gliserini haikuwamo. Hiyo ni bidhaa ngumu ya kumimina kwenye kalibu. Mfuko wa kubebea hautoki hapo.

Rudi kwenye hesabu. Molekuli moja ya maji inamaliza isosianeti mbili: ya kwanza inageuka amini na kutoa kaboni dioksaidi, na amini hiyo inaidaka ya pili. Gramu 36 za maji katika kilo 100 zinatosha kuimaliza dozi nzima ya asilimia 0.5. Mapovu ndani ya punje ndiyo ushahidi. Pamoja na gliserini, hidroksili zake ni mara 73 ya isosianeti, na unachotengeneza kwa sehemu kubwa ni gundi ya gliserini.

Halafu afya. Isosianeti inazoesha mapafu kuikataa, na aliyekwisha kuathirika huumwa kwa kiasi kidogo sana baadaye. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, wafanyakazi wanaotumia bidhaa yenye diisosianeti huru inayozidi asilimia 0.1 lazima wawe wamepata mafunzo. Mabaki yake yakikutana na maji yanaweza kutoa amini ya aromatiki, kitu usichokitaka karibu na chakula. Kama huna uvutaji hewa wa uhakika na wanga uliokaushwa barabara, kiache kipatanishi hiki kwa wenye navyo.

Epoksi za stireni na akriliki

Joncryl ADR 4368 ya BASF ndiyo inayotajwa zaidi katika kundi hili. Ni vipande vigumu, na kila molekuli ina vikundi kadhaa vya epoksi. Ilitengenezwa kurefusha minyororo ya poliesta iliyokatika, na kazi hiyo inaifanya vizuri: tia asilimia 0.2 hadi 0.6 uone mzigo wa mota ukipanda na puto la filamu likitulia. Kuipatanisha na wanga ni kazi ya pili, na hapo sifa zake zimekuzwa mno. Epoksi inakimbilia asidi ya miisho ya poliesta kabla ya hidroksili za wanga. Sehemu kubwa inaishia kuunga poliesta kwa poliesta.

Isitoshe inapenda joto la karibu 200 °C, ilhali wanga wako unataka 150 hadi 170. Mmenyuko unabaki haujamalizika, unaendelea kwenye mashine ya kupulizia filamu, na vinundu vinatokea siku ambayo hukubadili kitu chochote. Ukivuka asilimia 1 unavikaribisha kwa mikono miwili. Kuna na kikomo kingine: EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, kinasamehe uthibitisho wa kuoza kwa kiambato cha kikaboni kilicho chini ya asilimia 1, ili mradi vyote vya namna hiyo kwa pamoja visizidi asilimia 5. Kipatanishi hiki hakiozi, kwa hiyo kinaishi ndani ya nafasi hiyo pamoja na wino na rangi yako.

Inunue kama tatizo lako ni poliesta iliyodhoofishwa na unyevu wa wanga. Pamoja na kipatanishi cha anhidridi zinasaidiana, lakini zitie mahali tofauti: anhidridi mwanzoni na poliesta, epoksi baadaye, la sivyo zinaungana zenyewe.

Asidi ya sitriki

Duni machoni, lakini kwa filamu za PBAT na wanga ndiyo inayotoa faida kubwa kwa gharama ndogo, nayo haitishi mtu. Tia asilimia 0.5 hadi 1.5 ya mchanganyiko. Wauzaji huieleza kama kiungo cha esta kati ya wanga na poliesta, na kiasi fulani cha esta hutokea kweli, pamoja na kubadilishana esta kati ya minyororo. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine: inakata minyororo ya wanga, mnato unashuka, matone yanagawanyika kuwa madogo, na filamu inakuwa laini na sawa. Ndiyo maana hapa inatiwa pamoja na wanga na gliserini, kinyume cha poliesta iliyopandikizwa.

Mitego yake ni mitatu. Nunua isiyo na maji. Ile ya kawaida yenye molekuli moja ya maji imebeba asilimia 8.6 ya uzito wake kama maji, na hayo yanaishia kuikata poliesta. Ukipita asilimia 2, kisu hakichagui tena kati ya wanga na PBAT, na filamu inanata na kuchanika. Na kama mchanganyiko wako una chokaa ya kalsiamu kabonati, asidi itaila kwanza na kukuachia gesi. Watu wamebadilisha skrubu wakitafuta chanzo cha mapovu hayo.

Kwa PLA haifai kiasi hicho. PLA inakatika kwa asidi kirahisi zaidi, na ugumu wake hauondolewi na matone madogo peke yake.

Vilivyobaki kwa ufupi. Wanga uliolainishwa pamoja na anhidridi ya maleiki asilimia 2 hivi ya uzito wake ni njia nzuri kwa mwenye ekstruda yake, kwa kuwa asidi iliyopandikizwa kwenye wanga inachochea kubadilishana esta na PBAT, lakini ni nadra kuupata kwenye gunia. Mafuta ya soya yenye epoksi, peke yake, ni kilainishi cha PLA kinachovuja. Yakitiwa pamoja na wanga wenye anhidridi yanapata pa kushikwa. Polivinili alkoholi inaupenda wanga na haiijali poliesta.

Namna ya kujua kama kilifika

Mtiririko uliopanda si ushahidi; huenda umekata minyororo tu. Gandisha kipande katika nitrojeni ya kimiminika, kivunje, ukitazame kwa hadubini ya elektroni. Mashimo safi ya mviringo yanasema matone yaling'oka. Matone yaliyopasuka pamoja na poliesta yanasema yalishikwa. Asiye na hadubini ayeyushe poliesta yote kwa diklorometeni, achuje, aoshe gliserini kwa ethanoli, akaushe na kupima. Mabaki yakizidi wanga uliotia, ziada ni poliesta iliyofungwa kwenye wanga. Linganisha na mchanganyiko usio na kipatanishi, kwa sababu kuosha hakukamiliki kamwe.

Pima mvutiko baada ya kuiweka filamu katika 23 °C na unyevu wa hewa wa asilimia 50 kwa siku mbili, kisha siku ya 30, kisha ya 90, kwa mwelekeo wa mashine na kwa ule unaoukata. Minyororo ya wanga inajipanga upya na kukaza, na gliserini inahama. Kipatanishi chenye namba nzuri siku ya pili na nusu yake siku ya 90 kililainishiwa na gliserini, hakikupatanisha. Punje zilizobaki za kipatanishi cha anhidridi zifungwe katika mfuko wa alumini pamoja na kikaushio mara baada ya kufunguliwa. Gunia lililoachwa wazi mwishoni mwa wiki lipimwe upya kwa titresheni ileile, au liingie kwenye kundi la majaribio.